Kucha Ndefu Msimu wa Kupukuchua Mahindi

Hongera, dada. Umenunua kucha za kubandika mjini Bungoma, umezifikisha Cheptais bila hata moja kupotelea kwenye matatu, na arusi ni Jumamosi. Ila hukuambiwa kwamba mahindi ya mama mkwe yameshakauka, na leo mnapukuchua kwa mikono.

Gundi ndiyo itakayokuanza. Ikimwagika, usiipanguse kwa pamba. Gundi hizi za kukauka upesi zikikutana na pamba hupanda joto ghafla, hata kutoa moshi na kuunguza ngozi. Vidole vikishikana, usivivute kwa nguvu. Viloweke kwenye maji vuguvugu yenye sabuni, uvibingirishe polepole mpaka viachane. Asetoni huyeyusha upesi zaidi, lakini mvuke wake hushika moto, kwa hiyo toka jikoni kwanza. Moto wa jikoni kwa wakwe uwe wa ugali tu. Na dukani wakikuambia asetoni imekwisha, kijana wa bodaboda aliyeegemea kaunta atakushauri petroli. Mshukuru, msalimie mamake, umwachie petroli yake.

Kuhusu rangi, kumbuka uko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na jioni kuna baridi. Rangi ya kucha hukauka kwa dawa yake kupaa hewani, na baridi huichelewesha. Ukipaka mkono mzito saa tatu usiku ukalala, asubuhi utaamka na ramani ya blanketi kwenye vidole kumi. Lowesha ncha ya kidole kwa asetoni kidogo, lainisha palipokunjamana, upake mkono mwembamba juu yake. Kufuta yote na kuanza upya ni kazi ya wenye muda, na wewe unaitwa shambani kuvuna vitunguu.

Kabla ya kwenda, kwaruza kipande cha sabuni mpaka sabuni ijae chini ya kucha zote. Udongo mwekundu utakosa pa kuingia, na jioni brashi na maji vitamaliza kazi. Hii ni ya kweli kabisa, ingawa utaonekana kichaa.

Kucha yako mwenyewe ikipasuka, kata kipande cha karatasi ya kifuko cha majani ya chai, kibandike juu ya ufa kwa rangi isiyo na rangi (ndivyo inavyoitwa, usinilaumu), kikikauka piga tupa kuelekea upande mmoja. Ukikuta nyumba inachemsha majani yasiyo na vifuko, subiri mgeni wa mjini aje navyo. Kuikata na kungoja hakutasaidia: kucha ya mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi.

Ya kubandika ikiachia upande mmoja, usiibonyeze tena ikiwa na unyevu. Bakteria hupenda hapo, na baada ya muda utaona ukijani chini yake. Ing'oe, kausha, acha wazi. Pakiuma, nenda hospitali.

Kuhusu kukama na kucha ndefu, sina dawa. Ng'ombe akichomwa nazo atapiga teke, na ndoo itakwenda na teke hilo.

La mwisho ni kucha iliyozama katika gunia la mahindi. Tangaza leo hii. Gunia likishapita kwenye mashine ya posho, hakuna atakayehitaji upelelezi: mwenye vidole tisa vyekundu ni mmoja tu nyumba nzima.