Paa Linavuja? Usisogeze Kitanda

Tone la kwanza likidondoka kitandani, mkono wa kila mtu huenda kwenye tendegu. Usisogeze. Ukishasogeza kitanda umempa mvujo kiwanja, na masika yajayo atakuja kudai sehemu ya kabati. Kwa mama, Tanga, tulikisogeza mara 3 katika msimu mmoja. Mara ya mwisho kilifika mlangoni, mama akawa anaingia chumbani mwake kwa ubavu. Ilinichoma moyo, nikasema lazima tundu hili nilione kwa macho.

Basi fahamu hili kwanza: maji hayaangukii pale yalipoingilia. Yanaingia juu, yanatambaa chini ya bati mpaka kwenye papi, yanaifuata papi hadi kwenye kenchi, yanateremka nayo, kisha yakikuta ncha ya msumari ndipo yanadondoka. Kwa hiyo anayepanda na kopo la lami na kupaka sawasawa na kitanda chako anapaka bati zima lisilo na kosa. Tena lami ikipasuka kwa jua huficha maji chini yake, na bati linaoza kimyakimya.

Ngoja jua la saa 6 mchana. Panda darini na tochi, ukanyage mbao tu, maana silingi bodi haibebi mtu. Zima tochi, tulia dakika 5 macho yazoee giza. Matundu yatawaka kama nyota. Penyeza waya katika kila moja, ili ukiwa juu ya paa ulitambue. Usipoona nyota, usikate tamaa: mabati yanapolaliana mwanga haupiti, maji yanapita. Washa tochi utafute michirizi. Mbao iliyokunywa maji huwa nyeusi, na msumari wenye kutu huacha mstari wa rangi ya chai. Ufuate mstari huo kupanda, kuelekea kofia ya paa, wala si kushuka.

Misumari ichunguze mmoja mmoja. Bati hutanuka mchana na kunywea usiku, na miaka 20 ya mwendo huo huulegeza msumari wowote, raba yake ikakauka na kupasuka. Aliyeupigilia bondeni badala ya mgongoni mwa bati, huyo alikuachia mfereji. Kwetu pwani hewa ya chumvi inaongeza yake.

Ikishindikana, tafuta mpira wa maji na mtu mwenye sauti. Yeye akae darini, wewe umwagilie kuanzia chini, dakika 10 kila sehemu ndipo upande. Ukianzia juu, maji yatapita kwenye kila tundu na hutajua lipi ndilo. Paa liwe kavu unapolipanda, na ukanyage kwenye mistari ya misumari, kwa sababu chini yake kuna papi. Lakini kama ni paa la zamani la asbesto, tafadhali usipande, usitoboe, usisugue: linavunjika chini ya mguu, na vumbi lake linaharibu mapafu. Na kama matone huja alfajiri bila mvua, hakuna tundu la kutafuta. Ni mvuke wa pumzi na mapishi unaoshika kwenye bati baridi. Dari linataka hewa.

Sisi tulifika hadi kwenye mpira. Nilikuwa karibu na kofia mdogo wangu alipopiga kelele, “Kaka, hapo hapo!” Mbele yangu palikuwa na tundu la boliti la antena iliyong'olewa zamani, hatua 4 kutoka usawa wa kitanda. Mtu alikuwa amelishindilia kitambaa na kukipaka rangi ya mafuta ifanane na bati. Nilikivuta kwa vidole viwili, kikatoka kimeoza, kinachuruzika.

Tukaweka kiraka cha bati, ukingo wake wa juu tukauingiza chini ya kofia. Mvua iliyofuata ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilimkuta mama amelala, kitanda amekirudisha mwenyewe mahali pake, beseni liko uani limejaa nguo za kufua.