Majibu Ishirini na Mawili na Suruali Moja

Nina cheti. Kimepigwa muhuri, kimefunikwa kwa plastiki, na kinasema nimehitimu kuwaeleza watu imani yangu ya Kikristo. Nimekitundika sebuleni juu ya televisheni, na tangu siku hiyo sijafaulu kumweleza mtu jambo lolote, hata keateka wa ploti yetu kwamba taa ya choo imekufa.

Cheti hiki nilikipata kwenye semina ya siku tatu hapa Munyaka, Eldoret, shilingi mia tatu, chai na mkate juu ya waandalizi. Mwezeshaji alitoka Nairobi akiwa na viatu vilivyochongoka, jambo la hatari sana kwa tope letu, na alitugawia kijitabu chenye majibu 22. Kuna majibu ya Waislamu, ya wasioamini kitu, na ya watu waliolihama kanisa letu wakaenda lile la jirani. Hao wa mwisho ndio waliopewa kurasa nyingi zaidi.

Nyuma ya kijitabu kuna fomu. Jina la uliyemshuhudia. Swali aliloliuliza. Nambari ya jibu ulilotoa. Matokeo. Irudishwe Jumapili kwa mzee wa kanisa bila kukosa.

Semina nzima ilisimama juu ya Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15, ule wa Mkristo kukaa tayari kumjibu anayemuuliza juu ya tumaini lake. Mwezeshaji alilitwangia meza lile neno "tayari" mpaka glasi yake ya maji ikaanza kuhama. Mimi nilitoka pale niko tayari kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Nimeishi Munyaka miaka mingi, mtaa ambao jina lake kwa Kikuyu ni bahati, na sijawahi kubahatika kukutana na mtu anayetaka kujua habari za tumaini langu. Watu huniuliza maji yatafunguliwa lini. Huniuliza kama nina soo mbili mpaka Ijumaa.

Na kwa nini waulize? Kwetu jibu hutangulia swali kwa spika nne. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, jenereta linanguruma, na spika moja imegeuzwa ikatazama dirisha langu kana kwamba kuna mtu amenishtaki. Mhubiri anakemea mpaka saa tano usiku. Nchi hii ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009. Nadhani nazo zilifika Eldoret usiku, spika zikiwa zimewashwa, zikabisha hodi wee, hakuna aliyezisikia. Kila siku watu kama arobaini hivi hupita mbele kuokoka. Nawajua kwa sura. Ni walewale wa mkutano wa Aprili, na kijana mmoja wa bodaboda ameokoka mara nyingi kuliko alivyobadilisha tairi.

Basi Jumatano nikaenda kwa fundi wangu wa nguo, kwa sababu mbili: kuitafuta suruali yangu ya kijivu, na kuitafutia fomu yangu jina.

Suruali niliipeleka baada ya Krismasi ipanuliwe kiuno. (Sitaki maswali.) Fundi ni Mwislamu, mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, aliyepanda huku bara siku nyingi na hajaizoea baridi mpaka leo. Hushona akiwa na sweta mbili na boshori, na husema baridi ya Eldoret Mungu aliiumbia ngano, si binadamu. Nilimkuta kibandani anakanyaga cherehani, pini tatu zimebanwa midomoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

"Suruali kesho, inshallah," akasema kupitia kwenye pini, kabla sijamaliza salamu.

Nikakaa kwenye benchi. Kijitabu nilikuwa nimekiacha kichungulie mfukoni kwa makusudi, kama mwindaji anayeacha chambo. Akakiona. Mtu wa pwani ana adabu; akimwona mgeni amebeba kitu na anakihangaikia, humuuliza.

"Hebu nambia, ndugu yangu. Hiyo habari yenu ya watatu kuwa mmoja, wewe mwenyewe waielewaje?"

Swali! Moyo uliruka. Jibu la 7, ukurasa wa 14, mfano wa yai. Nikafungua kinywa, na yai likapotea. Nilikumbuka lina ganda, basi. Nikatazama huku na huku kutafuta msaada, na kitu pekee nilichokiona ni suruali yangu ya kijivu juu ya rundo, haijaguswa.

"Chukua suruali," nikasema. "Ina mguu wa kulia, ina mguu wa kushoto, ina kiuno. Vitatu. Lakini suruali ni moja."

Fundi akatoa pini midomoni, moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake. Akaivuta suruali, akaitandaza mezani na kuilainisha kwa kiganja, kazi niliyokuwa naisubiri tangu Januari.

"Nikiukata mguu huu nikakupa, utakuwa na suruali?"

"Hapana."

"Utakuwa na nini?"

"Kitambaa."

"Na nyinyi mwasema kila mmoja wa wale watatu ni Mungu kamili, au ni kipande?"

"Kamili."

"Basi mfano wako umepasuka hapa," akasema, na kidole akakiweka pale penye mshono wa katikati, ambapo kwa kweli suruali ilikuwa imepasuka. "Na hapa ndipo zinapopasukaga zote."

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, aliniambia maaskofu walikutana Nikea mwaka 325 kwa ubishi wa namna hii, na katika yote aliyoyasoma hakuna aliyekwenda na suruali.

Fundi aliniona nimenywea, akanihurumia. Akasema nisihuzunike, Wakristo na Waislamu hawakuanza leo kukaa benchi moja. Kwao Mombasa kadhi ndiye aliyemsaidia yule mmisionari wetu Krapf kukiingiza kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Nikapekua kijitabu. Hamna. Nikajua ni porojo za pwani, na niliondoka nikijisifu kwamba angalau kwa hilo sikudanganyika.

Kumbe ni kweli tupu, na mwalimu yuleyule ndiye aliyenithibitishia, akifurahia sana kunisahihisha mara mbili kwa siku. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huohuo akamzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Na mwaka huohuo alikuwa ameketi na kadhi Ali bin Mohiddin, neno kwa neno, wakikitafsiri kitabu cha Mwanzo. Hebu mwone huyo mtu. Amekuja kueleza, na anayeelezwa ni yeye: hili mnaliitaje, na lile je, na mtu akisema hivi ana maana gani? Huwezi kumfokea mtu unayemwomba maneno. Huna hata hayo maneno ya kumfokea.

Kisha mmisionari mwenzake, Rebmann, akajiunga naye mwaka 1846, wakaenda Rabai, wakakaa huko miaka, na waliowafuata wakabaki wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, tena akiwa hoi kitandani. Fomu ya Krapf ingerudishwa kutoka Nairobi imechorwa wino mwekundu.

Nyumbani nilimkuta mama watoto anakata sukuma wiki, Biblia yangu ya semina iko wazi kando ya jiko.

"Baba, huu mstari wenu hamkuumaliza."

"Tumeusoma siku tatu!"

"Mmesoma huku juu. Huku chini anasema ukijibu, ujibu kwa namna gani. Kwa upole. Kwa heshima." Akaendelea kukata sukuma, nyembamba, nyembamba. "Jana ulivyomjibu keateka, ilikuwa namna hiyo?"

Nikamwambia semina ilikuwa na mambo mengi, muda haukutosha.

Jumamosi mchana nikarudi kwa fundi, safari hii bila kijitabu, kwa kuwa mama watoto alikuwa amekiweka chini ya sufuria. Mvua ikanikutia mlangoni. Mvua ya Eldoret ikiamua kupiga mabati huwezi kuhubiri, huwezi kudai suruali, unakaa tu. Fundi akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Mvua ilipopungua, akasema bila kunitazama:

"Nina swali, lakini si la ubishi. Ukilichukia, niambie ninyamaze."

Nikamwambia aulize.

"Mimi nilikuwa hapa mwaka 2008. Wewe pia."

Nilikuwa hapa. Wiki kadhaa za zile fujo za baada ya uchaguzi nililala kwenye uwanja wa maonyesho, mimi na mama watoto na blanketi moja na maelfu ya watu.

"Kiambaa," akasema. "Watu walikimbilia kanisani. Wengi kina mama na watoto. Kanisa likatiwa moto wakiwa ndani. Tarehe moja, mwezi wa kwanza. Na miezi ile, huku na huku, pande zote, si walikuwa watu wa kusali? Hilo huwa nataka kuuliza, na sijui nimuulize nani. Nyinyi wenyewe mwajiambiaje?"

Majibu 22 yalinipita kichwani kama matatu zilizojaa, hakuna iliyosimama. Nilijua kwamba ningeweza kusema wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Ndilo jibu letu sote, halina hata nambari, tumezaliwa nalo. Lakini mwaka ule nilimsikia mtu wa upande wangu, mwenye kiti chake kanisani, akiomba kwa sauti Mungu awafanyie wale wengine mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti, na mimi nikaitikia amina.

"Sijui," nikasema.

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea fedha kamili. Tukasikiliza mvua. Kisha nikamwambia kile ninachokijua, nacho ni kidogo: kwamba bado naenda kanisani, kwamba siku nyingine nakwenda kwa hasira, kwamba ile amina yangu nimeiomba msamaha na bado huniamsha usiku. Sikumwambia aamini chochote. Akasema, "Haya, Mola atusamehe sote," akaniongezea chai, na bila neno lingine akaichukua ile suruali, akaigeuza nje ndani, akaanza kuufumua mshono wa kiuno kwa wembe. Mbele ya macho yangu. Nilitaka kumpiga picha.

Nikakumbuka kwamba hata malipo ya awali sijatoa. Nidaiwe shilingi mia mbili hamsini tangu Krismasi, halafu kila nikipita nalalamikia suruali! Nikamtumia kwa simu palepale.

Jumapili nikarudisha fomu. Jina: fundi. Swali: nikaandika mawili. Nambari ya jibu: nikaweka kistari. Matokeo: chai, vikombe viwili.

Mzee wa kanisa aliisoma amesimama, miwani imeshuka puani, foleni nyuma yangu.

"Hii ni nini? Huyu mtu ameokoka ama hajaokoka?"

Nikamwambia suruali itakuwa tayari Jumanne.