Jogoo kwenye Ubeti wa Tatu

Kwenye bendi, wimbo ukiharibika, mwenye kosa hakosekani. Mpiga besi kaja amelewa, mpiga tumba kagombana na mkewe, tarumbeta limeingia kabla halijaitwa. Miaka 26 nimeimba muziki wa dansi hapa Dar es Salaam, na sikumbuki hata usiku mmoja ambao kosa lilikuwa langu. Leo bendi imebaki mimi peke yangu. Makosa yote ya wenzangu nimeyarithi.

Studio yangu iko uani Tandika, chumba ambamo zamani uliwekwa mkaa. Nina kompyuta mpakato ya mtumba, kipaza sauti kimoja, gitaa lenye nyuzi tano na nia ya nyuzi sita. Kijana mmoja wa mtaani, ambaye naye ni prodyuza (siku hizi kila nyumba ina prodyuza kama ilivyokuwa na cherehani), aliniambia nibandike trei za mayai ukutani ili sauti itulie. Nikapiga hesabu: kuta zangu zilihitaji trei 40, na trei moja ni mayai 30. Mayai 1,200! Mke wangu akaniuliza kama naanza muziki au naanza bekari. Ikabidi niende kwa muuza chipsi wa kona, akanipa trei tupu bure. Zikaja na harufu yake ya mafuta na ukoo mzima wa mende.

Nilichogundua baada ya kuzibandika zote ni kwamba trei ya yai ni karatasi. Inapunguza mwangwi kidogo wa mle ndani, lakini sauti ya nje haiizuii hata kwa adabu. Kwa hiyo ubeti wangu wa kwanza una mnunuzi wa vyuma chakavu na kipaza sauti chake. Ubeti wa pili una bodaboda. Wa tatu una jogoo.

Huyo jogoo ni wa mke wangu, na mke wangu ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo suala lake haliendi kwenye kikao. Nikirekodi alfajiri, anawika. Nikirekodi mchana, anawika kwa kuwa ameniona. Siku moja nilijifunika blanketi zito kichwani pamoja na kipaza sauti, joto la Januari, nikaimba huku jasho linanitiririka kama niliyefukizwa kwa mganga. Nikamaliza ubeti safi kabisa. Kusikiliza, sauti iliyorekodiwa vizuri kuliko zote ni ya blanketi.

Zamani tulirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Mashairi yalitangulia kupelekwa yakasomwe, ndipo bendi iitwe. Mnaingia wote chumba kimoja, magitaa, tumba, saksafoni, waimbaji, mnapiga kwa pamoja, utepe unazunguka. Mmoja akikosea, wote mnarudi mwanzo, na kabla ya kurudi mnamtazama. Yale macho ya watu 12 ndiyo yaliyokuwa mwalimu wetu wa muziki. Kompyuta haina macho. Unakosea, unabonyeza, kosa linafutika, unakosea tena. Ubeti mmoja nimeuimba mara 41, na mara ya 41 ilikuwa mbaya kuliko ya tatu, ila ya tatu ina jogoo.

Nisidanganye watu, bendi nilitoka kwa shangwe. Nilichoshwa na kukatwakatwa. Ulikuwa unaleta wimbo Jumatatu, habari ya mama mkwe, umeutunga kwa uchungu wako mwenyewe. Jumanne mpiga solo anasema uko juu mno. Jumatano mwimbaji mwenzako anabadilisha maneno kwa sababu na yeye ana mama mkwe. Alhamisi kiongozi anatoa beti mbili, kisa wapulizaji hawana pa kupumua. Ijumaa ukumbini watu wanaucheza hadi viti vinavunjika, na wewe umekaa pembeni na chupa ya soda unaomboleza beti zako mbili.

Na ukihama, unaondoka na koo lako tu. Vyombo si vyako, bendi nyingi zilikuwa za jumuiya na mashirika, na sisi tulikuwa waajiriwa kama makarani. Kuhama kwenyewe kulikuwa kama kuhama kwa wachezaji wa mpira. Mwimbaji Mzee Muhidini Gurumo alijiunga na NUTA Jazz 1964, akaja Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo, ndiyo ile NUTA ya zamani, na kila alikotua mashabiki walibishana vijiweni kuliko bungeni. Mimi sikuwa Gurumo. Nilipohama, aliyebishana ni mwenye nyumba, kuhusu kodi.

Basi nilipobaki peke yangu nikasema sasa nitatunga bila wa kunikata. Nikatunga wimbo wa mama mkwe wenye beti 14. Dakika 19. Ulianza taratibu, kama dansi linavyotakiwa: kwanza kisa kisimuliwe, watu wakae wasikie, ndipo magitaa yachemke. Nikamwita mjukuu wangu asikilize. Alikaa kwa heshima zote, mikono mapajani. Dakika ya saba akaniuliza:

"Babu, biti inaanza lini?"

"Hii ndiyo biti."

Akatafakari. Akainuka polepole. "Shikamoo, babu," akasema, akaondoka.

Ni yeye huyohuyo aliyenisaidia kuupeleka mtandaoni. Fomu ilikuwa na orodha ya aina za muziki, ndefu kama foleni ya maji, ila dansi haikuwamo. Tukachagua "nyinginezo", nikajiona kama mgeni aliyekosa meza ya harusi. Tukaweka pia wimbo mmoja wa zamani nilioutunga mwenyewe, nikaupiga upya kwa gitaa la nyuzi tano. Wiki haikuisha, ukaondolewa. Kumbe kuna mtu nisiyemjua aliuweka ule wa bendi kwa jina lake miaka mingi nyuma. Nikaandikiwa, kwa lugha ya upole, kwamba sauti yangu inafanana mno na sauti yangu. Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu 1999. Niliisoma yote usiku ule, na haina kifungu cha mtu kujiiba.

Ule wa beti 14 ulibaki. Baada ya miezi mitatu ulikuwa umeniingizia senti 84 za dola, na hazitoki mpaka zifike dola kumi. Mke wangu alikokotoa kwamba kwa kasi hiyo nitakuwa tajiri kabla ya jogoo kuota meno.

Hapo ndipo likaja suala la harusi.

Aliyekuwa mpiga tumba wetu alikuwa anamwoza binti yake Mbagala, akaniomba nikaimbe. Bendi nzima siku hizi ni kitu kidogo cha kuchomeka, unakibeba mfukoni pamoja na funguo. Mjukuu akanitayarishia muziki mtupu bila sauti, niimbe juu yake. Nikavaa suti yangu ya kijani, ile ya ukumbini, ambayo inafungika nikiacha kupumua. Nikapanda jukwaani. Watu wakapiga makofi. Muziki ukaanza.

Lakini kwenye kile kidude mlikuwa na mafaili mawili, na kijana wa muziki alichagua lisilo lake. Nilijua nilipofungua mdomo, nikasikia nimeshaanza kuimba. Nikaamua kutembeza midomo tu. Mbona vijana wanafanya? Ubeti wa kwanza ukapita na mnunuzi wa vyuma chakavu, watu wakadhani yuko nje. Ubeti wa pili ukapita. Nikakumbuka wa tatu nikiwa nimechelewa.

Jogoo aliwika ukumbi mzima, kwa spika nne. Kisha sauti yangu, yenye hasira ya asubuhi, ikanguruma: "Mama Watoto, fukuza kuku!"

Mimi nilikuwa jukwaani, mdomo wazi, kipaza sauti kimenielekea kifuani. Ukumbi ukanyamaza. Nikawaza nilipoacha viatu vyangu vya kukimbilia.

Ndipo mpiga tumba, baba wa bibi harusi, akapiga meza kwa viganja viwili, papo hapo kwenye mdundo, akajibu: "Fukuza kuku!" Wazee wa meza yake wakaitikia. Ulikuwa ni uleule wakati wa chemko, mwimbaji anapotupa kibwagizo na ukumbi unakidaka. Nikaamka. Nikaita, wakaitika. Shangazi zake bibi harusi wakavua vitenge vya juu wakaanza kufukuza kuku wasioonekana kati ya viti. Mtu akaja kunibandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, mwingine akafuata. Mke wangu alikaa meza ya tatu, uso umekazwa kama ngozi ya ngoma, akiitwa na watu 300.

Jumamosi iliyofuata mpiga tumba akaja Tandika bila kualikwa. Akakalia ndoo, akatazama trei zangu, akasema zinanuka chipsi. Akasikiliza dakika zote 19 akiwa amefumba macho. Halafu akanitazama. Nilikuwa nimeyasahau hayo macho.

"Beti 14 za nini?" akauliza. "Huyu mama mkwe ni mmoja au ukoo mzima?"

Tukabishana mpaka magharibi. Akanitolea beti tisa. Wa kumi nilimnyima, nikaapa kwamba maadamu ni hai hautoki. Asubuhi nikautoa mwenyewe, kabla hajarudi na kuona nimeafikiana naye.

Jogoo amebaki. Mke wangu amekataa aondolewe kwenye rekodi, na sasa anadai nusu ya zile senti 84.