Hodi kwa Kompyuta ya Area D

Kusakinisha ni istilahi ya Kiswahili cha vitabu kwa kitendo cha kuiweka programu ndani ya kompyuta na kuipatia kila inachokihitaji ili ifanye kazi, ingawa vijana wanaokifanya kitendo hicho kila siku husema kuinstoo na hueleweka haraka zaidi. Alama yake kuu ni upau wa maendeleo, yaani ule mstari mnene unaojaa rangi taratibu kutoka kushoto kwenda kulia huku ukitaja asilimia, ambao kwa desturi hukimbia hadi tisini na kitu, kisha husimama hapo kwa utulivu wa mgeni aliyenusa pilau jikoni na kuamua kuwa hana tena haraka ya kuondoka.

Mkazi wa Dodoma ana sababu chache mno za kushangazwa na tabia hiyo, kwa kuwa jiji lake lenyewe limesakinishwa kwa mtindo huohuo. Uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu ya nchi ulipitishwa mwaka 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake CDA, ikaundwa mwaka huohuo, mpango kabambe wa mji ukachorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, na kuwa tayari mwaka 1976, na muda uliotajwa kwa kazi nzima ukawa miaka kumi. Baada ya miaka hiyo kumi upau ulitambaa kwa miongo mitatu na ushei, hadi mwaka 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kuwa safari hii serikali inahama kweli, na mwenyewe akahamia mwaka 2019. Wenyeji husimulia kuwa jina la mji lilitokana na neno la Kigogo, idodomya, lenye maana ya mahali palipodidimia, kwa kumbukumbu ya tembo aliyenasa kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Ni vigumu kupata jina linalofaa zaidi kwa mahali pa kusakinishia programu, na ugumu huo huzidi mtu anapokumbuka kuwa mji huo una mitaa inayoitwa Area C na Area D, ambayo fundi wa kompyuta akiisikia mara ya kwanza hudhani ni sehemu mbili za diski.

Historia ya nchi nayo haikuwahi kuwa na papara katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya Dodoma kuambiwa ijiandae, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku ambayo ilikuja kuondolewa baadaye. Wachambuzi hutaja gharama kubwa na mkanganyiko wa hesabu za serikali kuwa miongoni mwa sababu zake. Kwa maneno mengine, tatizo la kompyuta lilitatuliwa kwa njia ambayo kila mwenye kompyuta huiwaza ifikapo saa nane za usiku, nayo ni kuzifukuza zote.

Mwenye kompyuta anayechunguzwa katika insha hii ni katibu wa kikoba kimoja cha Area D, na jina lake linahifadhiwa kwa sababu ambazo msomaji mwerevu atazikisia bila kuambiwa ni nani aliyeishika kalamu. Kikoba ni kikundi cha watu wanaonunua hisa kila wiki na kukopeshana kutokana na mfuko huo, na kumbukumbu zake kwa kawaida huandikwa katika daftari kubwa lenye jalada gumu. Katibu, aliyekuwa amejifunza uandishi wa programu kwa kutazama video, alipendekeza kuwa daftari lipumzishwe na hesabu zihamie katika programu atakayoiandika mwenyewe kwa lugha ya Python, huku taarifa zikitunzwa katika hifadhidata ya PostgreSQL, yaani ghala la kumbukumbu linalojibu maswali likiulizwa kwa adabu yake. Mama Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho. “Mwanangu,” akasema, “daftari hili halijawahi kukatika umeme.” Pendekezo lilipita hata hivyo, kwa kura nyingi za watu waliotaka kikao kiishe.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo na la fedheha. Baada ya Python kusakinishwa, katibu aliandika jina lake katika dirisha la amri, lile dirisha jeusi ambalo humpa mtumiaji yeyote sura ya mtaalamu, na badala ya Python kuitika, kompyuta ilimfungulia duka la mtandaoni na kumshauri aipakue Python. Maelezo yake ni mepesi: mfumo endeshi hautafuti programu diski nzima, bali hupita tu katika folda zilizoandikwa kwenye orodha maalumu ya njia, kama mtoto aliyetumwa kumwita jirani akakagua nyumba tatu alizotajiwa na kurudi kusema jirani hayupo, hali jirani amekaa nyumba ya nne anapepeta mtama. Kisakinishi cha Python huwa na kisanduku kidogo, chini kabisa ya dirisha lake la kwanza, kinachouliza kama programu iongezwe katika orodha hiyo, na kisanduku hicho huja kikiwa hakijatiwa alama. Katibu alikuwa amekipita kwa mwendo ule ambao watu hupita nao vigezo na masharti.

Alisakinisha upya, safari hii akitia alama kila kisanduku alichokutana nacho, vikiwemo viwili vya programu ambazo hakuzihitaji na ambazo mpaka leo humsalimia kila asubuhi. Kisha akageukia hifadhidata, na upau ulipofika asilimia 97 uniti za LUKU zikaisha. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, ni utaratibu wa kununua umeme kabla ya kuutumia, ambapo mnunuzi hupewa tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Na haki itendeke kwa kueleza kuwa mita ilikuwa imelia kuonya tangu jioni, na kwamba katibu aliizima sauti yake ili imwachie utulivu wa kusoma maelekezo ya usakinishaji. Alinunua uniti, akaingiza tarakimu kwa tochi ya simu, akakosea ya kumi na saba, akaanza upya. Kisha akasakinisha hifadhidata mara ya pili na, kwa kuwa hakuwa na imani na ile ya pili, mara ya tatu.

Hapo ndipo lilipoanza suala la hodi, ambalo ndilo kiini cha elimu yote ya miunganisho na ambalo Mswahili alipaswa kulielewa kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Kompyuta inapotaka kuzungumza na nyingine huhitaji vitu viwili, anwani na mlango. Anwani ni nambari inayoitambulisha mashine, na wakazi wa Dodoma, ambao tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 wameona nyumba zikibandikwa namba na mitaa ikisimikwa vibao, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mlango, ambao mafundi huuita poti, ni nambari inayoonyesha ni huduma gani inayotafutwa ndani ya mashine hiyo, kwa kuwa mashine moja ina nafasi ya milango 65,536, wingi ambao hata nyumba ya kupanga ya mwenye tamaa kuu haijaufikia. PostgreSQL kwa desturi hukaa katika mlango wa 5432, na programu iliyo ndani ya kompyuta hiyohiyo huifikia kwa anwani 127.0.0.1, anwani ambayo kila kompyuta huitumia kwa kujirejea yenyewe.

Sasa, hodi inaweza kushindwa kwa namna mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Muunganisho ukikataliwa, maana yake nyumba ipo na sauti imetoka ndani kusema kuwa kwenye mlango huo hakuna anayesikiliza. Muda ukiisha bila jibu, maana yake hapajatoka sauti yoyote, ama kwa sababu nyumba haipo, ama kwa sababu ngome, yaani programu ya ulinzi inayochuja wageni, imemkalia mgeni kimya kama mlinzi aliyeambiwa aseme bosi kasafiri lakini akaona hata kusema ni kazi. La kwanza ni tusi, la pili ni dharau, na dawa zake ni tofauti: la kwanza humtaka mtu aiwashe huduma iliyolala au aikague namba ya mlango, la pili humtaka akague njia na ngome. Katibu alipata lile la kwanza. Kompyuta yake ilikuwa imebisha hodi kwenye nyumba yake yenyewe na kujijibu kuwa haina mtu, taarifa ambayo mtu aliye peke yake usiku wa manane, upepo wa Dodoma ukigonga bati, hapaswi kuisoma.

Aliiwasha huduma iliyolala, akabisha tena, mlango ukafunguliwa, na akaambiwa nywila yake si sahihi. Aliiandika mara saba, mbili kati ya hizo akiisema kwa sauti. Uchunguzi ulionyesha baadaye kuwa kisakinishi kinapokuta mlango wa 5432 umeshachukuliwa hupendekeza wa 5433, na huo ukiwa na mtu husogea mbele, hivyo ndani ya kompyuta ile kulikuwa na hifadhidata tatu zilizopanga vyumba vya 5432, 5433 na 5434, kila moja na nywila yake, na katibu alikuwa akibisha chumba cha kwanza kwa ufunguo wa chumba cha tatu. Kwa mtu aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga, kisa hiki hakihitaji ufafanuzi. Kinachohitajika tu ni kumwomba radhi mpangaji wa kwanza.

Yote hayo, hata hivyo, yalikuwa rasharasha. Programu ya Python huhitaji maktaba, yaani vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo hupakuliwa kutoka kwenye seva za mbali, na kila jaribio la kuvipakua lilirudi na taarifa kwamba cheti cha usalama cha seva si halali. Cheti hicho ni hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa seva ni ile inayodai kuwa, nacho hubeba tarehe ya kuanza na ya kwisha. Katibu alibadilisha mtandao wa simu, akanunua bando la usiku, akaizima ngome, akaiwasha tena kwa hofu, akapandisha modemu juu ya kabati, kisha juu ya ukuta wa uani, ambako ilipata mtandao mzuri sana na jibu lilelile. Muda wote huo hakutazama kona ya chini ya kioo, ambako kompyuta ilikuwa imeandika wazi kuwa leo ni tarehe 1 Januari 2012. Kwa mashine inayoishi mwaka 2012, cheti kilichotolewa mwaka huu si kibovu wala cha kughushi. Ni cheti ambacho hakijazaliwa, na kukikataa ni uadilifu.

Sababu ya kompyuta kurudi ujanani ni betri ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, yenye volti 3 na namba CR2032, inayokaa kwenye bodi kuu na kuiendesha saa umeme unapokuwa umezimwa. Betri ikifa, kila kukatika kwa umeme huifuta tarehe. Mtandao ungeweza kuirekebisha saa hiyo wenyewe, ila katibu alikuwa ameizima huduma hiyo ili kuokoa bando, na ujumbe wa kuulizia saa una baiti 48 tu, kiasi ambacho picha moja ya salamu za asubuhi katika kundi la WhatsApp la kikoba hukizidi mara maelfu. Betri mpya haikupatikana kwa fundi kompyuta bali kwa fundi saa wa karibu na Soko la Majengo, mzee aliyeitika shikamoo bila kuinua jicho kutoka kwenye lenzi yake. “Marahaba,” alisema, akaigeuza betri iliyokufa kwa kucha. “Hii ni ya saa, mwanangu. Hiyo kompyuta haiumwi, imepotewa na siku.” Kisha akapuliza, na vumbi la Dodoma lililotoka kwenye betri hiyo lingetosha kuotesha mche wa mzabibu.

Katibu alirudi nyumbani, akaweka betri, akaingiza tarehe, na kwa kuwa ilikuwa saa tatu usiku, akaandika saa tatu na kuchagua nusu ya pili ya siku. Kompyuta, isiyojua kuwa Mswahili huanza kuhesabu saa kwa mapambazuko, iliamini kuwa ni saa tisa alasiri. Vyeti vilikubalika, maktaba zikashuka, hifadhidata ikaitika hodi, na programu ya kikoba ikafanya kazi yake ya kwanza, ambayo ilikuwa kurekodi kuwa Mama Mwenyekiti, aliyetuma ombi la mkopo kwa simu saa mbili na nusu usiku, aliidhinishiwa mkopo huo alasiri ya siku hiyohiyo, saa tano na ushei kabla ya kuuomba. Wajumbe wawili waliomba kikao cha dharura.

Kikao kilifanyika sebuleni, mbele ya kompyuta. Katibu aliiwasha huduma ya kujirekebisha saa, na kompyuta ikamtaka achague ukanda wake wa muda kutoka kwenye orodha ya miji. Aliitafuta Dodoma, haikuwamo. Akaitafuta Dar es Salaam, nayo haikuwamo. Miji yenye saa sawa na ya Tanzania ilikuwa pamoja na Baghdad, Istanbul, Kuwait, Moscow na Nairobi, na katibu, ambaye uzalendo wake huamka hasa nyakati zisizofaa, aliikwepa yote na kuchagua Harare kwa hoja za ukombozi wa kusini mwa Afrika, saa ikarudi nyuma saa nzima. Akaifikiria Moscow. Mwishowe, mkono ukisita juu ya kipanya, akabofya Nairobi na kutaka kulifunga dirisha haraka, lakini Mama Mwenyekiti alikuwa ameshavaa miwani na kuinama, akipitisha kidole kwenye kioo, mji hadi mji, kutoka juu mpaka chini.

“Mwanangu,” akauliza, “tumehamia Dodoma tangu lini, na hii haijaambiwa?”