Heko kwa Masharti ya Kuhitimu

Wengine wamesifu mvua, wengine mahaba, wengine hata mbunge aliyeleta mabati. Mimi nayasifu masharti ya kumaliza shahada ya filamu, ambayo mzazi wa Kisii au Nyamira mwenye mtoto kwenye kozi hiyo huyataja kila msimu wa karo, tena kwa maneno yasiyofaa kuchapishwa.

Yana nasaba tukufu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilianza kutumika mwaka 1963, uhuru ukiwa mlangoni. Mkoloni akafunga virago, sheria ikabaki, na hadi leo anayetaka kurekodi filamu ya kuonyeshwa umma hutakiwa kuwa na leseni. Taifa linaloomba kibali kabla ya kuwasha kamera lingempaje kijana shahada bila kumzungusha kidogo?

Tazameni malezi anayopata mtoto wa Nyamira. Mwaka wa kwanza anangoja filamu, anapewa stadi za mawasiliano na somo la Ukimwi. Kamera ataiona baadaye, kwa foleni. Chuo kinadai ahudhurie sehemu kubwa ya vipindi, na karatasi ya mahudhurio inapopitishwa ukumbini, mwenzake mmoja mwenye mkono mwepesi huwatilia saini watano waliolala bwenini. Mtu mmoja, wahusika watano, kila mmoja na mwandiko wake: nani atasema uigizaji haukufundishwa?

Kisha inakuja atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Kampuni nyingi za filamu ziko Nairobi, kilomita zipatazo 300 kutoka Kisii, na Nairobi hakukaliwi bure. Kwa hiyo kijana anarudi nyumbani na kujishikiza kwa mpiga video wa harusi na mazishi mjini Kisii. Siku ya maziko anasimama kwenye udongo mwekundu chini ya migomba, miguu ya stendi ya kamera ikizama, huku mwanasiasa wa tatu akiahidi kusema mawili tu. Hapo anajifunza kuibana betri iliyobaki asilimia 20 mpaka jeneza lishuke. Anajifunza pia kuigeuza kamera pembeni mama wa marehemu anapoishiwa nguvu, jambo ambalo hakuambiwa na mtu. Jioni anafungua logibuku na kuandika mstari mmoja: “Nilisaidia kurekodi.” Msimamizi anatia saini bila kusoma. Ufupi ulioje! Kuna wahariri wanaolipwa kwa kukata maneno. Logibuku huyakata bure.

Filamu ya kuhitimu nayo hurekodiwa nyumbani, maana miamba ya Manga haidai kodi na ndugu hawadai mshahara. Magokoro, yaani bibi wa boma, anakubali kuigiza. Anayasema maneno yake vizuri sana, ila sauti haikuingia. Akiombwa arudie anashangaa: “Nimeshasema, mjukuu wangu. Wewe ulikuwa wapi?” Alasiri mvua ya Gusii inashuka ilivyozoea, na mhusika aliyeingia nyumbani mkavu anatoka amelowa chepechepe. Fomu ya tathmini ina alama za mwendelezo wa picha. Za mvua haina.

Lakini taji namvika mfalme wao: maksi iliyopotea. Mtihani uliufanya, karatasi uliikabidhi, saini uliitia, ila kwenye transkripti pana kistari. Mhadhiri anasema alipeleka kwa idara, idara inasema haijapokea, ofisi ya mitihani inasema rudi Jumatatu. Sijaona hadithi ya upelelezi iliyotungwa vizuri hivi vyuoni mwetu: kuna kilichopotea, kuna washukiwa, na kila mshukiwa ana ushahidi kwamba hakuwapo. Ajabu yake ni kuwa mpelelezi ndiye anayejilipia nauli, Keroka, Sotik, Bomet, Narok, mpaka Nairobi, na kurudi.

Maksi ikipatikana, inafuata fomu ya klirensi. Maktaba ithibitishe hana kitabu, bweni lithibitishe hakuondoka na godoro, idara ya michezo ithibitishe hana mpira wake, hata kama hajawahi kuugusa. Aliyezipita ofisi hizo zote hatashindwa kuomba ruhusa ya kurekodi kwa chifu, kwa mwenye shamba na kwa wachuuzi wa soko la Daraja Mbili, kwa asubuhi moja.

Wapinzani watanitajia Mwas, mhusika wa Nairobi Half Life ya 2012, aliyetoka kijijini hadi jukwaani bila cheti. Wasisahau kwamba aliibiwa alipotia tu mguu mjini na kuishia korokoroni. Hakuwa hata na barua ya utambulisho kutoka chuoni! Wengine watasema ughaibuni hakuna mizunguko hii. Ipo. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku hapa nchini. Mahakama ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, kwa kuwa Oscar ilitaka filamu iwe imeonyeshwa nchini mwake siku 7 mfululizo. Hata Hollywood wana klirensi yao.

Na wanaolia kwamba miaka 4 imegeuka 6 wakiangalie Chuo Kikuu cha Kisii. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa kampasi ya Egerton mwaka 1994, chuo kishiriki mwaka 2007, na hati ya kujitegemea kikaipata 2013. Miaka 48 hiyo, na hakuna aliyekisikia kikinung’unika.

Basi heko, enyi masharti. Mmepima mahudhurio, saini, godoro na mpira. Kama kijana anajua kutengeneza filamu, hilo fomu haikuuliza, na aliyejaza nafasi zote atavaa joho hata kama hajui.

Nawe mhadhiri mwenye rundo la karatasi za mtihani chini ya meza, zisahihishe wiki hii na upeleke maksi. Sifa nilizokumwagia zinatosha.