Barua ya Wazi kwa Jenerali Rich Clark: Tunaomba Robo ya Nne Iwe ya Vijana wa Benchi

Kwa Mheshimiwa Luteni Jenerali mstaafu Richard Clark,
Mkurugenzi Mtendaji wa College Football Playoff.

Mheshimiwa Jenerali,

  Naomba radhi kwa kukuandikia hadharani bila kubisha hodi ofisini kwako, na kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Ndiyo lugha tunayobishania mpira sisi tuliofika Indiana kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, tukaikuta futiboli ya vyuo ikitawala Jumamosi zote za msimu, nasi tukaipenda kwa moyo wote.

Nimekuchagua wewe kwa sababu mchezo huu umeujua kwa mwili wako. Uliucheza ulipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Jeshi la Anga kule Colorado, ukarudi baadaye kukiongoza chuo hichohicho, na tangu 2024 ndiye msimamizi wa mchujo unaompata bingwa wa vyuo vya Marekani. Nafahamu kwamba hupigi kura. Kura ni za kamati ya watu 13 inayozipanga timu kwenye orodha. Hata hivyo neno lako likitamkwa mbele yao lina uzito ambao neno langu haliwezi kuwa nao. Kwa hiyo nakusihi, kwa unyenyekevu wote, uwaombe watangaze jambo moja: kwamba ushindi ukishavuka kiwango fulani cha pointi, zinazoongezwa juu yake hazimpi mshindi chochote.

Niruhusu, Mheshimiwa, nieleze ombi hili limetoka wapi.

Tarehe 7 Septemba 2024, Notre Dame ikishika nafasi ya 5 kitaifa, ilifungwa 16–14 uwanjani kwake South Bend na Northern Illinois, timu iliyolipwa dola milioni 1.4 kuja kucheza mechi hiyo. Wiki moja baadaye Notre Dame ikasafiri hadi West Lafayette na kuinyuka Purdue 66–7. Wakati wa mapumziko matokeo yalikuwa 42–0.

Kwa kinyozi ninaponyolewa mimi, ushindi ule ulizua ubishi kuliko kipigo kilichoutangulia. Timu ikifungwa, watu hulalamika kwa sauti moja. Ikishinda kwa tofauti ya 59, kila mtu anaona lake. Kijana mmoja alisema timu imeamka, aibu ya Northern Illinois imewatia adabu. Mzee mmoja wa Uvira akamjibu kwamba Purdue ni kibonde, na gari lolote hukimbia likiwa mteremkoni. Mwingine alitaka tuache pointi tumzungumzie Riley Leonard, mrushaji wetu mkuu, kwamba siku ile alifunga kwa kukimbia, na swali la mkono wake mbele ya ulinzi wa timu kubwa lilikuwa bado pale pale. Kisha ikatoka kauli ambayo hakuna aliyeibishia, si kijana wala mzee: lazima wafunge nyingi, kwa sababu kamati inatazama.

Kauli hiyo, Mheshimiwa, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Watu walioshindwa kukubaliana hata juu ya mchezaji mmoja walikubaliana papo hapo kwamba kuendelea kumpiga aliyekwisha kuanguka ni sehemu ya kazi, na kwamba aliyewapa kazi hiyo ni ninyi.

Sasa tazama msimu wa Purdue wenyewe. Walianza kwa kuifunga Indiana State 49–0, na mashabiki wao wakafurahi kama ilivyo haki ya shabiki. Mechi iliyofuata ndiyo hiyo ya 66–7. Hawakushinda tena. Wakamaliza na ushindi mmoja na vipigo 11, na cha mwisho kilikuwa 66–0 mbele ya majirani zao wa Indiana. Notre Dame kwa upande wao walifika hadi fainali ya taifa Januari 2025, wakafungwa na Ohio State 34–23. Mzee wa Uvira alikuwa sahihi kuhusu Purdue, na kijana alikuwa sahihi kuhusu Notre Dame. Ile 66–7 iliwafaa wote wawili, kwa hiyo haikuweza kuwaamulia. Na ile 49–0 ya mwanzo iliwadanganya watu wema kwa wiki mbili nzima.

Ile 66–0 nayo ilisemwa sana huku kwetu. Chuo Kikuu cha Indiana kilikuwa na msimu bora kuliko tulivyozoea, lakini wengi walitilia shaka ugumu wa ratiba yake. Kila pointi iliyoingia usiku ule ilipokelewa kama kielelezo kinachowasilishwa mbele ya kamati yenu. Siwezi kuingia moyoni mwa kocha, na sitamhukumu. Ninachokiomba ni kwamba kocha yeyote asiwe na sababu ya kufikiri hivyo.

Mchezo huu umeshaonja ugonjwa huo zamani. Mwaka 1916, Georgia Tech iliifunga Cumberland 222–0 mjini Atlanta. Cumberland walikuwa wamekwisha kuifunga programu yao ya futiboli; walikwenda kwa sababu wasingefika wangetozwa dola 3,000. Kulikuwa na kisasi cha besiboli ndani yake, maana Cumberland waliwafunga Georgia Tech 22–0 mwaka uleule. Lakini kocha wa Georgia Tech, John Heisman, alikuwa pia na neno na waandishi wa habari waliopima ubora wa timu kwa kujumlisha pointi zake. Inaaminika alitaka kuwaonyesha kipimo hicho kinaweza kuzaa nini. Wachezaji wa Cumberland ndio waliolipa gharama ya somo hilo kwa miili yao, na jina la Heisman leo liko kwenye tuzo ya mchezaji bora wa kila mwaka.

Waliokutangulia walilielewa somo hilo. Mfumo wa BCS, uliotumika kuanzia 1998 kuteua timu za fainali, uliondoa tofauti ya pointi kwenye hesabu za kompyuta mwaka 2002. Nanyi pia, na hapa natoa shukrani za dhati, kanuni zenu zinataka timu zilizokutana na mpinzani mmoja zilinganishwe bila kumpa mtu hamu ya kurundika pointi. Mwaka 2025 mkaongeza kipimo kinachompa sifa ndogo anayemfunga dhaifu. Mmefanya vizuri sana. Tatizo ni kwamba kanuni hizo zipo kwenye karatasi, na shabiki hasomi karatasi. Shabiki humsikiliza mwenyekiti wa kamati kwenye televisheni, usiku orodha inapotangazwa, na akisikia timu ikisifiwa kwa kumtawala mpinzani kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, anatoka na fundisho moja tu. Naogopa makocha nao wanatoka na fundisho hilohilo.

Wataalamu wa takwimu wana hoja, na naiheshimu. Tofauti ya pointi husaidia kutabiri mechi zijazo, mara nyingi kuliko hesabu tupu ya kushinda na kushindwa. Ndiyo maana siombi ifutwe, naomba iwekewe dari. Anayeshinda kwa 24 ameonyesha kitu ambacho anayeshinda kwa 3 hajakionyesha. Anayeshinda kwa 59 badala ya 42 ameonyesha nini zaidi? Wakati ule uwanjani hawapo tena wale watakaocheza mechi kubwa, au wapo na hawapaswi kuwapo.

Nisieleweke vibaya kuhusu Notre Dame. Kocha Marcus Freeman aliwaingiza vijana wa akiba siku ile dhidi ya Purdue, Steve Angeli akapata kuongoza mashambulizi, na pointi ziliendelea kuja. Siwalaumu hata kidogo. Kijana anayefanya mazoezi mwaka mzima ili apate dakika kumi hawezi kuambiwa azicheze kwa kulegea. Namba ikiwa kubwa haituambii kama kulikuwa na ukatili au la; wakati mwingine ni furaha ya watoto waliopewa zamu. Kwa hiyo wa kuombwa kitu hapa si wachezaji, Mheshimiwa. Ni wanaohesabu.

Kuna mambo mengi ya maana yanayoweza kufanyika katika robo ya nne mechi ikishaamuliwa. Tangu 2018, mchezaji anaweza kucheza hadi mechi nne bila kupoteza mwaka wake wa kustahili. Mechi za aina hii ndizo darasa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ndizo pia nafasi pekee ya yule asiye na ufadhili, anayegongwa mazoezini kila wiki ili wenzake wawe tayari. Tarehe 8 Novemba 1975, Notre Dame ikiwa imekwisha kuishinda Georgia Tech, iliyofungwa 24–3, aliingizwa Daniel Ruettiger, mdogo wa umbo, ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja. Akamwangusha mrushaji wa wapinzani, na wenzake wakambeba mabegani. Watu wengi duniani wasiojua sheria moja ya mchezo huu wanalijua tukio hilo, kwa sababu filamu ilitengenezwa kulihusu. Lilitokea katika dakika ambazo mechi ilikuwa imekwisha. Kocha anayeogopa kamati angemwacha nje.

Nawafikiria pia walio upande wa pili. Wachezaji wa Purdue waliocheza dakika za mwisho za 66–0 wana mama zao majukwaani na bendi inayopaswa kuendelea kupiga. Wamekubali kushindwa mechi, na hakuna aliyewaambia kwamba miili yao itatumika kupandisha cheo cha timu nyingine kwenye orodha.

Basi naomba hivi, Jenerali. Kabla ya orodha ya kwanza ya Novemba, mwenyekiti wa kamati asimame aitaje dari hiyo kwa tarakimu: iwe 21, iwe 24, iwe 28, ninyi mna wataalamu wa kuichagua. Na kila kocha atakapoulizwa kwa nini aliwatoa wachezaji wake wakuu mapema, aweze kuitaja tarakimu hiyo bila woga wa mkurugenzi wake wala wafadhili wake.

Endapo kuna jambo ambalo sikulielewa kuhusu kazi ya kamati, nitashukuru mno kusahihishwa, na masahihisho hayo nitayapeleka kwa wenzangu kama yalivyo. Na endapo ombi hili lina chembe ya haki, nakuomba usilingojee litoke kwa mtu mkubwa kuliko mimi.

Nabaki, kwa heshima na taadhima,

Mshabiki wa Notre Dame,
Indiana.