Utetezi wa Kidokezo Kinachodanganya

Sidhani kama kuna kitu kinachotukanwa na wacheza gemu kuliko kidokezo, yaani kile kisanduku cha maneno kinachochomoza ukipeleka kishale juu ya upanga au uchawi, kikakuahidi nguvu zaidi kwa asilimia 15, kumbe ni 10, au si chochote. Nasimama kukitetea, na hoja yangu ni moja: kidokezo kinapopingana na programu, mara nyingi chenyewe ndicho kinachosema kweli kuhusu alichokusudia mbunifu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakucheza Final Fantasy VI. Katika gemu hiyo ya mwaka 1994, kila mhusika alionyeshwa namba ya uwezo wake wa kukwepa mapigo, na zilikuwapo ngao za kuiongeza. Namba hiyo haikufanya kazi yoyote. Programu ilisoma uwezo wa kukwepa uchawi, ikautumia kwa uchawi na kwa panga vilevile. Uongo huo uliishi hadi toleo la Game Boy Advance la mwaka 2006, na ulipofika wakati wa kusahihisha, kilichobadilishwa ni programu. Skrini ilikuwa sahihi miaka yote ile.

Lakini ushindi wa namna hiyo ni nadra. Maneno ya gemu kwa kawaida hufungwa mapema ili wafasiri wapate muda wao, huku wabunifu wakiendelea kuchezea namba hadi siku za mwisho. Kidokezo kinajikuta kimeapa jambo ambalo wenyewe wameshaligeuza. Malalamiko yakija, watengenezaji wana njia mbili: maandishi yafuate programu, au programu ifuate maandishi. Ya kwanza ni nafuu, haivurugi mizani ya mchezo, na humalizwa kwa mstari mmoja katika orodha ya masahihisho. Tazameni dhuluma hiyo: ahadi haikutimizwa, basi inafutwa ahadi.

Wapo pia wanaodanganya kwa makusudi, na hao ndio waungwana wa ukoo. Katika matoleo kadhaa ya Fire Emblem, kuanzia The Binding Blade ya mwaka 2002, programu huchukua wastani wa namba mbili za bahati nasibu. Matokeo yake, pigo lililoandikwa asilimia 90 hupata karibu mara 98 katika 100, na lililoandikwa 10 hupata kama mara 2 tu. Sababu ya kutolisahihisha unaweza kuipata kwa Sid Meier, aliyewaeleza watengenezaji wenzake huko San Francisco mwaka 2010 kwamba wachezaji wa Civilization Revolution waliposhindwa vita wakiwa na nguvu 3 kwa 1 waliona wameonewa, ila waliposhinda wakiwa wao ndio wanyonge hawakuuliza kitu. Ikabidi hesabu zifuate hisia zao. Binadamu akiambiwa 90 husikia hakika, na Fire Emblem humpa alichosikia. Ni mkweli gani angemfanyia hisani hiyo?

Atasimama mtu aseme kwamba mchezaji hupanga mbinu zake kwa namba hizo, tena amelipa. La kwanza halinitishi. Wachezaji wasioamini kidokezo hupiga sanamu ya mazoezi mara mamia, wakaandika matokeo na kutafuta wastani. Hakuna aliyejifunza takwimu kwa kusoma kidokezo cha kweli. La pili nalikubali bila ubishi. Januari 2024, Tume ya Biashara ya Haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya won takriban bilioni 11.6 kwa sababu ya MapleStory: bidhaa ya kuboresha vifaa iliuzwa kwa fedha halisi, huku uwezekano wa kupata matokeo yaliyotamaniwa ukipunguzwa, mengine yakiwa hayawezekani kabisa, bila wachezaji kuambiwa. Kesi hiyo siichukui. Mteja wangu hukosea bila kumwingizia mtu senti.

Siku hizi gemu nyingi huivuta namba ya kidokezo moja kwa moja kutoka kwenye programu, ikibadilika kule inabadilika huku, na wapo wanaosherehekea kifo cha uongo. Wamewahi mno. Namba imetiwa pingu, ila maneno bado yanazurura: “hupunguza kasi kidogo,” “huenda ikazuia pigo,” “huongeza bahati.” Hayo bado huandikwa na mtu, mapema, kisha hupelekwa kwa wafasiri.